Mgeni Asiyekunywa

Kikombe cha kahawa kilikuwa zuliani mbele ya mgeni, hakijaguswa, na Thabit alikuwa akikitazama huku jasho likimtoka. Mwenye nia ya kumwaga damu ya mtu haonji kitu nyumbani kwake. Hilo, katika mji huu wa Ibra, Omani, hata mtoto analijua.

Keshokutwa Thabit alikuwa apande ndege Maskati, arudi nchi ya bara aliyoikimbia, akagombee urais. Kanda za hotuba zake zilishatangulia, watu wanazisikiliza kwa siri: serikali isimwulize mkulima anamuuzia nani, wala msafiri anakwenda wapi. "Watu wakitimiza ahadi zao," alikuwa akisema, "serikali kubwa ya nini?" Rais wa huko hakucheka. Mwezi uliopita rafiki yake Thabit, mkimbizi kama yeye, alipigwa risasi mlangoni kwake.

Ndiyo maana moyo ulimruka Thabit pale Ghalia, mkewe, alipomwambia, "Kuna mtu sebuleni. Anasema Kiswahili cha bara. Jina hataki kulitaja."

"Mwambie sipo!"

"Nshamwambia upo. Na kahawa tayari. Utamwacha mgeni peke yake, watu watasemaje?"

Macho ya Ghalia yalikuwa mekundu. Naye anaogopa, Thabit aliwaza, akamhurumia.

Sasa yule mgeni, pande la mtu, alikuwa amekaa baina yake na mlango. Na Thabit, aliyewahi kumkejeli rais mbele ya maelfu ya watu, alikuwa anaogopa kikombe.

"Kunywa, tafadhali," alisema.

"Nina haja. Sinywi mpaka nipewe."

Desturi hiyo Thabit aliijua. Ukishamwambia mgeni "nimekupa", huwezi tena kurudi nyuma, hata akiomba shamba la mitende. Lakini akinywa hataweza kuniua, alifikiri. Akinywa tu, nimesalimika.

"Nimekupa!" alisema mbiombio. "Wallahi, lolote! Kunywa, ndugu yangu."

Mgeni alikichukua kikombe, akakimaliza chote. Thabit alishusha pumzi. Alikuwa hai.

"Ahsante, Bwana Thabit. Haja yangu ni hii: usirudi. Urais uuache, leo na milele."

Thabit alikitazama kikombe kitupu. Neno lilikwishatoka.

"Haya. Mwambie rais wako ameshinda."

"Rais simjui, wala hanijui," mgeni alisema. "Aliyenituma ni mkeo."