Njiwa wa Mchimbaji

"Kefule!"

Mchimbaji alikuwa amepiga magoti juu ya bati la jiko, kitambaa puani, akikwangua mavi ya njiwa kwa kisu cha mezani. Mabichi yalimtambaa vidoleni, makavu yalimrukia mdomoni. Chai ya asubuhi ilikuwa imemshinda kabisa. Jana tu alizisugua paneli zake za sola zikang'aa kama sahani za wageni, na leo hizo hapo, zimepakwa tena uji mweupe wenye madoa ya kijani. Mtu mzima na ndevu zake, kila siku anaamkia kinyesi!

Jina la Mchimbaji alipewa na majirani kwa kejeli, maana jembe hakuwahi kulishika. Yeye alichimba sarafu za mtandaoni: kompyuta zimepangwa kwenye rafu, zinavuma mchana kutwa kwa umeme wa jua, zinapiga hesabu ambazo hata mwenyewe hakuzielewa vizuri. Kazi yake ya kiwanda cha uchapaji aliiacha kwa mbwembwe, akamwambia bosi atafute punda mwingine. Mashine zikilala, itabidi arudi kwa bosi huyohuyo, amefyata mkia.

Na zilikuwa zinalala. Paneli zikichafuka umeme hupungua, na mashine hujizima zenyewe.

"Mama!" aliita. Dirisha la ghorofani, juu kidogo ya paneli, lilikuwa wazi. "Leo tena wamekushinda?"

Bibi kizee alichungulia, jasho likimchuruzika. "Natikisa kopo mpaka mkono unaniuma, mwanangu. Hunisikii?"

Alikuwa akimsikia. Kopo lile alimpa yeye mwenyewe, amelitia kokoto, siku aliyomhamishia juu. Chumba cha chini alichokuwa akilala mama kilikuwa na ubaridi, na mashine haziwezi joto. Basi mama, ambaye miguu haikumruhusu tena kushuka ngazi, akapewa chumba chini ya paa la bati pamoja na cheo: mlinzi wa ndege. Feni alikuwa nayo, ila iliungwa izunguke mashine zikizima tu. Umeme hautoshi, mama. Naye hakubisha. Alimlea na kumsomesha kwa kuku wa kufuga, na maneno mengi hakuwa nayo tangu zamani.

"Ndege wa siku hizi hawana haya," mama alisema. "Pole, baba."

"Afadhali wewe unanihurumia." Akatema mate.

Ndipo kisu kilipogota kwenye kitu kigumu. Punje ya mchele. Pembeni yake nyingine, na nyingine, zimegandia kwenye uchafu. Nyongo ilimpanda. Kumbe hawa ndege wana mwalikaji!

Alishuka ngazi kwa hasira. Mkewe alikuwa jikoni, ndiyo kwanza ameteremka kutoka kwa mama na ungo, maana kuchambua mchele ndiyo kazi pekee iliyobaki kumchangamsha yule mzee.

"Mchele wetu unaisha upesi siku hizi," Mchimbaji alisema, akimkazia macho.

"Muulize anayekula."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi?" Mke aliweka ungo chini kwa kishindo. "Mama anaiva huko juu kama kiazi, na wewe unavipepea vyuma, halafu unaniuliza habari za mchele? Nenda kanawe, mwanamume. Unanuka."

Jibu la mwenye hatia hilo, alijiambia. Tangu mwanzo hakuzipenda mashine. Leo atamkamata peupe, na mbele ya mama, ili mama naye ajue ni mkwe wa aina gani huyo anayejidai kumhurumia.

Alipanda akamaliza kuzisugua paneli, kisha akaaga kwamba anakwenda dukani, akazunguka nyuma, akajibanza kwenye ukuta wa tangi la maji. Jua lilimchoma utosi. Harufu ya mavi haikumtoka mikononi hata baada ya sabuni. Uani mkewe alifua nguo huku akiimba, wala hakuinua macho. Paneli zilikuwa safi. Juu hakukuwa na hata ndege mmoja.

Mara kopo likalia dirishani. Cha, cha, cha!

Maskini mama, alifikiri, anafukuza hata wasiokuwepo.

Bawa likapiga. Kutoka kwenye nyaya, kwenye mapaa ya majirani, kwenye mnara wa simu, njiwa waliinuka kundi zima, wakaja. Walitua juu ya paneli wakasongamana mpaka kioo hakikuonekana. Chini, mashine zikanyamaza. Ghorofani, feni ikaanza kuzunguka.

Mkono wenye mishipa ulitoka dirishani, ukalipindua kopo. Haikudondoka kokoto hata moja.

"Kuleni, wanangu," mama alisema. "Mkishiba, choo msikitafute mbali."