Bakuli la Timotheo

Umeme ulikatika adhuhuri. Bi Rukia aliweka kiganja juu ya mashine ya mumewe, akasahau hata kuvuta pumzi yake mwenyewe.

Mashine iliendelea kunguruma.

"Sharifa! Njoo, mjukuu wangu! Sanduku linashika!"

Sharifa alikuja mbio kutoka uani, mikono myeusi hadi viwikoni. Alisimama mlangoni, akamtazama babu yake. Mzee Kassimu alikuwa amelala na mpira wa hewa puani, kifua kikipanda na kushuka. Nje, ukungu wa milima ya Magamba ulikuwa umeziba dirisha. Wakakaa wakisikiliza, mtu na bibi yake, mpaka umeme uliporudi alasiri. Ndipo Sharifa akalia.

Hospitali ilikuwa imemrudisha mzee nyumbani. Mapafu yamechoka, walisema. Ataishi kwa mashine ya kumchujia hewa, na mashine itaishi kwa umeme. Lakini masika ikiingia milimani, mti mmoja ukianguka, umeme unakwenda zake.

Sharifa alikuwa chuoni akisomea mambo ya umeme. Aliacha masomo, akapanda nyumbani na wazo lake. Alichoma miti ya miwati ikawa makaa, akayasaga. Alivunja sumaku nyeusi za spika, zile zinazopasuka kama vigae, akazisaga pia. Mchanganyiko huo aliupaka kwenye mabamba membamba, akayapanga ndani ya sanduku ili yahifadhi umeme. Makaa peke yake hushika kidogo, alimweleza bibi yake. Unga wa sumaku huyaongezea nguvu.

Majirani walileta redio zao mbovu bila kuombwa. Mmoja alileta ya marehemu mama yake, akaifuta vumbi kwanza. Bi Rukia hakumsahau hata mmoja wao katika dua zake.

Sanduku lilipojaribiwa mara ya kwanza, lilizima kabla maji ya chai hayajachemka. Umeme uliporudi, midomo ya mzee ilikuwa imeshageuka rangi. Jioni hiyo Timotheo, jirani wa upande wa pili wa ua wa masale, aliingia na bakuli la mayai kama kawaida yake.

"Shikamoo, babu," Sharifa alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Makaa na redio mbovu! Mnataka kumbanika Kassimu au kumpigia taarabu?"

Mzee alicheka hadi akakohoa. Wawili hao walitaniana tangu ujana, kila siku wakigombea mpaka wa shamba ambao hakuna kati yao aliyeuhitaji.

Timotheo alimtazama mwenzake akikohoa, naye hakucheka tena. "Usikate tamaa, mwanangu," alimwambia Sharifa kwa sauti nyingine. "Ongeza huo unga wako. Nyaya hizi za ukutani zimefungwa ovyo, nitakufungia mimi."

Alizifunga kesho yake, kutwa nzima, hata chakula hakutaka. Sharifa akaongeza unga. Na adhuhuri ile ya ukungu, sanduku likashika.

Likashika tena umeme ulipokatika mara ya pili, na mara zote zilizofuata. Bi Rukia akaanza kupata usingizi.

Mambo yaliharibika kwa Timotheo. Vifaranga wake walikufa kwa baridi, kundi zima, na kuku wakaacha kutaga. Bakuli likaanza kuja na mboga za maboga badala ya mayai, lakini halikuacha kuja.

"Shemeji, na hilo jua lote ulilofunga paani?" Bi Rukia alimwuliza. "Taa ya bandani huwashi?"

"Betri imezeeka kama mwenyewe," alijibu, akatazama pembeni.

Bakuli la jirani halirudi tupu. Ndivyo Bi Rukia alivyolelewa na mama yake. Lakini ugonjwa ulikuwa umekula kila kitu, na kwa muda mrefu alikuwa akilirudisha na viazi viwili vitatu, kwa aibu. Kwa hiyo Timotheo alipoteremka Mombo kumwuguza dada yake, Bi Rukia akaona njia.

"Naipeleka betri yake mjini ikafufuliwe," alimwambia Sharifa. "Akirudi, akute banda linawaka."

Mzee Kassimu alifumbua macho. "Mwacheni Timo na betri yake," alisema kwa shida.

Wanawake wakaangua kicheko. "Hata pumzi huna, na bado mnagombana!"

"Rukia, msii..." Kikohozi kikameza maneno. Bi Rukia akampangusa mdomo, akamvutia blanketi hadi kidevuni.

Janeth, mkwe wa Timotheo, alifungua banda kwa furaha. Dula wa bodaboda akachomoa nyaya zote, akaifunga betri nyuma ya pikipiki, akateremka nayo kuelekea Lushoto. Bi Rukia alirudi nyumbani mwepesi kama msichana.

Dula hakuwa amefika hata kona ya chini, umeme ukakatika.

"Usihangaike, bibi," Sharifa alisema kutoka uani, akiendelea kusaga. "Sanduku limejaa."

Bi Rukia aliweka kiganja juu ya mashine, kwa mazoea tu. Iliendelea kunguruma kwa muda wa kumimina kikombe cha chai. Kisha ikanyamaza chini ya mkono wake.

Alilivuta sanduku. Nyuma yake waya mweusi ulipenya ukutani, na kupitia dirishani akauona ukitokea nje, ukipita chini ya masale, ukienda moja kwa moja bandani kwa Timotheo.