Siku ya Kumlipa Mdogo Wake

Jumamosi, tarehe nane Juni. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi hiyo, na vioo vya duka vilitoka jasho kwa joto la tanuri. Dada Mkate aliamka na jambo moja tu moyoni: leo namlipa.

Alikanda unga kwa ngumi, kama anayempiga mtu. Alipokwisha kutia chumvi, aligeuza kopo kichwa chini, asije akaitia tena. Ndivyo alivyojizoeza kufanya kazi tangu daktari alipomwambia, hata miaka hamsini hajafika, kwamba ana ugonjwa wa kusahau.

Chumvi ndiyo iliyomponza. Katika kiwanda cha mikate walichoachiwa na baba yao, siku moja aliitia mara mbili, mikate yote ikatupwa. Mdogo wake, wa tumbo moja, akamvua aproni mbele ya wafanyakazi.

"Nenda nyumbani, dada. Kichwa chako kimeshavuja."

Mmoja akacheka. Wengine wakatazama sakafu.

Tangu hapo, kila alipopiga magoti aliomba ombi lililomtia haya mwenyewe: "Mungu wangu, usiniondolee akili yote kabla sijamlipa."

Nyumbani hakukaa. Alikodi chumba hiki, akawaita wenzake wa kliniki, wagonjwa wa kusahau kama yeye: mwalimu wa hesabu na dereva aliyenyang'anywa funguo. Wakakanda, wakaoka, wakauza.

"Wateja wetu wana raha," dereva alipenda kutania. "Tukigombana leo, kesho tumeshasahau."

"Yupo mmoja sitamsahau," Dada Mkate alimjibu.

Juzi mke wa mdogo wake alimpigia simu. Alilia kwanza, akaeleza, kisha akasihi. "Wifi, nakuomba, usimwite mbele za watu. Watamwona."

"Waache wamwone. Mlete."

Leo walikuwa wanazindua tanuri jipya. Majirani walijaa mpaka mlangoni. Wafanyakazi wa kiwandani walikuwepo pia, hata yule aliyecheka. Dada Mkate alikuwa amewaalika makusudi.

Mdogo wake akaingia, vifungo vya shati vimepishana, mkewe amemshika kiwiko.

"Dada, kama ni kuniumbua, niumbue haraka niende zangu."

"Wewe ulinifanyia haraka? Njoo hapa katikati."

Akaja. Dereva aliacha kutabasamu. Wifi alijifunika uso kwa viganja.

"Ulinitoa kazini mbele ya watu hawa," Dada Mkate alisema, "na leo nakulipa mbele yao. Unasema mwenyewe, au niseme mimi?"

Mdogo wake akafungua kinywa. Kikabaki wazi.

"Sema wewe, dada," alinong'ona. "Mimi maneno yananikimbia."

Dada Mkate akamshika bega, akawageukia watu.

"Daktari wangu sasa ni daktari wake pia. Basi sikieni nyote, na Mungu naye asikie: kuanzia Jumatatu mdogo wangu atakanda hapa, ubavuni mwangu, na atakayethubutu kumtoa kwenye meza hii, atanitambua!"