Kilichosokotwa na Ekseli

Msabaha alilipiga teke tairi la nyuma la gari lake kuukuu. "Mara linashika barabara, mara linateleza kama sabuni! Nyie mafundi wote wezi!"

Fundi Shekue alilipandisha gari kwa jeki, akalitegemeza kwa jiwe, akaingia uvunguni. Alizungusha gurudumu kwa mkono. Likaenda, likakwama, likaenda tena. Kitu kilikuwa kimejisokota kwenye ekseli. Akakivuta kwa koleo.

Kilikuwa kipande cha kanga, kimekakamaa kwa damu iliyokauka. Kanga ile Shekue aliinunua mwenyewe. Dada yake Siwema alikuwa kaivaa siku gari lisilojulikana lilipomgonga, likamburura, likakimbia.

Shekue akaitia mfukoni, akatoka mikono mitupu.

"Umeona nini?" Msabaha alifoka.

"Ingia ujionee mwenyewe, bosi, usije ukasema fundi kakudanganya."

Ndivyo mafundi wa mji ule walivyowaambia wateja wao siku zote. Msabaha akalala chali, akajisukuma uvunguni huku akitukana.

Shekue akalisukuma lile jiwe kwa mguu. Nje vilibaki viatu viwili vinavyong'aa, na mkono wa Shekue juu ya mpini wa jeki.