Swali la Mwalimu wa Falsafa

"Mgonjwa akikuuliza kama atapona, nawe unajua hatapona, utamjibu nini?" mwalimu aliuliza.

Vijana wakaanza kubishana. Loretta, mwanafunzi mwenzao, alikuwa hoi. Alikuwa amekuja hapa moja kwa moja kutoka darasa la wasaidizi wa famasia, vidole bado vyeupe kwa unga wa vidonge. Humo ndimo alimojua leo kazi halisi ya dawa za mama yake.

Simu ikatetemeka. Akatoka nje ya darasa.

"Mwanangu, nimeshameza vidonge. Hivi vitaniponya lini?"

Loretta akaegemea ukuta. "Haviponyi, Mama. Vinatuliza maumivu tu."

Upande wa pili, televisheni ikazimwa.

"Basi usichelewe," mama akasema. "Theluji imefunika Toledo nzima, nami leo sitaki kula peke yangu."