Funda la Baba Rehani

Kila marehemu alikuwa na tovuti iliyozungumza kwa sauti yake, na kila baada ya miaka sita sheria ilitaka iwekewe mfumo mpya. Bi Sijali hakutaka kubahatisha. Kabla fundi hajagusa kitu, alinakili pembeni faili zote alizoiongezea mwenyewe tovuti ya mumewe: kikohozi chake, utani wake kwa mashemeji, hata alivyomwita “Mama Rehani.”

“Hakuna kilichopotea, mama,” fundi alisema baada ya kuweka mfumo mpya na kuzirudisha faili zile, akaaga.

Bi Sijali akamimina chai ya tangawizi, vikombe viwili kama desturi yake, akawasha spika.

“Baba Rehani, leo tupike nini?”

“Mbaazi za nazi, Mama Rehani.”

Sauti ilikuwa ile ile, ila ilijibu papo hapo. Miaka yote sita mumewe alikuwa akinyamaza kidogo kwanza, kama enzi za uhai wake, alipokuwa hajibu mpaka ameze funda la chai. Kumbe kile kimya kilikuwa uzito wa mfumo wa zamani tu. Hakikuwa na faili ya kunakili.

“Baba Rehani,” alisihi, “nikikuuliza, ngoja kidogo kabla ya ku—”

“Sawa, Mama Rehani.”