Mwanamume wa Boya

Siku hizi mtoto hasomi habari kwa macho tu. Anavishwa kofia, anapewa abiria wake, na yote yaliyompata abiria huyo yanampata yeye mpaka kengele ilie. Mwalimu Nyamizi aliwagawia darasa la sita abiria wa MV Mwangaza, meli iliyozama ziwani na watu mia nane, kwa kufuata daftari la mahudhurio. Binti yake mwenyewe, Kabula, akaangukia mwanamume wa boya, yule aliyeokoka kwa kushikilia boya.

Watoto walipiga mayowe, wakang'atana, wakatapika maji ambayo hawakuyanywa. Mwalimu alipita kati ya madawati akiwashika mabega. "Vumilieni, wanangu. Ndiyo kuelewa huko."

Kofia zilipovuliwa, akauliza swali la tatu la zoezi: "Mwanamume wa boya alijiokoaje?"

Darasa zima lilikuwa likilia. Kabula peke yake alinyoosha mkono.

"Mtoto mmoja alimng'ang'ania shingoni. Yeye akamvunja mtoto vidole, akianzia na gumba, kisha akamkanyaga kichwa."

"Umepata. Vizuri sana," Mwalimu alisema, akampa alama zote.

Jioni, Kabula alikwenda kumwogesha mdogo wake, Limbu. Mama yao alikuwa akikaanga samaki aliposikia kitu kikivunjika, kisha ukelele. Alikimbilia bafuni. Limbu alikuwa ndani ya beseni, gumba lake limepinda kwa nyuma, na Kabula amesimama juu yake, mguu ameuinua.

"Kabula! Unamfanya nini mwenzio?"

"Ameteleza, Mama, akanishika shingo," alijibu kwa upole, kama yuko darasani. "Si ulisema nimepata?"